Vifaa vya blogu na picha: fuata njia ya picha kabla hujafungua pochi

Anayetaka kuanza blogu yenye picha huuliza kwanza anunue kamera gani. Swali si baya, ila limewahi mno. Picha moja hadi imfikie msomaji hupita mahali pengi: kamera inainasa, kadi inaibeba, kompyuta au simu inaipokea, inachaguliwa kati ya nyingi, inarekebishwa, inapunguzwa, inapandishwa, na kando yake yanaandikwa maneno. Ikikwama popote katika njia hiyo, hata ingekuwa imepigwa kwa kamera ya bei gani, hakuna atakayeiona.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata njia ya picha yenyewe. Vifaa ninavyovipenda mimi vingi ni vidogo, vya kutia mfukoni, na karibu vyote kazi yao ni moja: kuzibua pale palipoziba. Kwa mifano nitamtumia fundi baiskeli, tuseme unaandika makala kuhusu karakana yake.

Hatua ya 1: Tafuta palipoziba

Chukua makala zako chache za mwisho, zilizotoka pamoja na zile zilizoishia njiani. Kwa kila moja jiulize ilichelewa wapi. Usikisie, fungua folda uone. Ukikuta picha nyingi zimetikisika, shida yako ni mwanga na utulivu, na lenzi ya gharama haitaimaliza. Ukikuta picha nzuri zimelala kwenye kadi ya kamera wiki baada ya wiki, unachohitaji ni kisoma kadi na dakika chache za jioni. Rasimu zikiwa nyingi kuliko makala, tazama unaandikaje na unaandikia wapi. Na kama kila kitu kinatoka kwa wakati ila ukurasa unafunguka kwa kusuasua, ruka hadi hatua ya 6 kisha urudi huku.

Nunua kitu kimoja kwa tatizo moja, kitumie mpaka ukizoee, ndipo utazame tatizo linalofuata. Wanaonunua begi zima kwa mkupuo ndio ambao vifaa vyao hulala doro.

Hatua ya 2: Kamua simu uliyo nayo

Futa lenzi ya simu. Nasema kwa dhati. Lenzi hiyo inashinda mfukoni na kushikwa na vidole vyenye mafuta, na alama moja ya kidole inatosha kuzifanya taa zote kwenye picha zitoe miale, na weusi ukageuka kijivu. Kitambaa laini cha kufutia miwani ndicho kifaa changu cha bei ndogo kuliko vyote, na tofauti yake unaiona papo hapo.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya kamera ya simu uwashe mistari ya gridi, ili kuta na meza zisikae upande. Halafu jizoeze jambo moja: gusa kwenye skrini kile unachokipiga na ushikilie kidole hadi fokasi na mwanga vijifunge, kisha buruta kidole chini kidogo kupunguza mwanga. Picha ya dijitali iliyotoka na giza kidogo huokoleka. Sehemu iliyoungua ikawa nyeupe tupu hairudi, kwa sababu pale hakuna taarifa yoyote iliyorekodiwa.

Usivute picha kwa vidole viwili. Simu yenye lenzi zaidi ya moja ina vitufe vya kubadilisha lenzi, hivyo ndivyo vya kutumia. Ukivuta kwa vidole, mara nyingi simu inakata kipande cha picha na kukitanua tu, kazi ambayo ungeweza kuifanya nyumbani kwa utulivu. Kama fundi yuko mbali, msogelee.

Na kitufe cha kuongeza sauti hupiga picha kwenye simu nyingi. Kikitumiwa badala ya kugonga skrini, mkono hautikisiki sana.

Hatua ya 3: Mwanga kwanza, kisha utulivu

Taa ya kwanza ya mpiga picha hainunuliwi. Ni dirisha lisiloingiwa na jua la moja kwa moja. Weka kitu chako mezani, tuseme mnyororo wa baiskeli au sura ya ukurasa wa daftari, umbali wa mkono mmoja kutoka dirishani, mwanga ukikijia kwa ubavu. Sasa zima taa ya chumbani. Watu wengi huacha taa ikiwaka wakidhani mwanga mwingi ni heri, kumbe kwa kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, mwanga wa mchana uko karibu na 5500 na balbu ya njano iko karibu na 2700 au 3000. Vikichanganyika, upande mmoja wa mnyororo unatoka na rangi ya samawati na mwingine wa manjano, na hakuna kitufe cha kuhariri kitakachorekebisha pande zote mbili kwa pamoja.

Upande wa pili wa mnyororo, ule wenye kivuli, simamisha kadibodi nyeupe. Isogeze polepole ukiwa unatazama kivuli. Utaona mashimo ya mnyororo yakianza kuonekana ndani ya giza. Isogeze zaidi, kivuli kinakuwa chepesi. Irudishe nyuma, kinakoza tena. Hapo unaongoza mwanga kwa mkono wako, bila umeme. Badilisha kadibodi nyeupe kwa nyeusi na chuma kitapata kingo kali, kizito. Ninabeba kadibodi moja iliyopakwa nyeupe upande huu na nyeusi upande ule, imekunjwa katikati ili iingie kwenye begi.

Ukilazimika kununua taa ya LED, yako mambo mawili ya kutazama kabla ya ukubwa wake. Moja ni kiwango cha uaminifu wa rangi, kinachoandikwa CRI. Tafuta 95 au zaidi, la sivyo ngozi za watu zinaweza kutoka na ukijani. La pili ni kama taa inapunguzika mwanga. Kumbuka pia kwamba taa ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga unaokifikia kitu unabaki robo, kwa hiyo taa ndogo iliyo karibu hushinda kubwa iliyo mbali.

Karakana nyingi zina taa za umeme zinazopepesa kwa kasi ambayo jicho haliioni lakini kamera inaiona, hasa kwenye video: mistari myeusi inatembea juu ya picha. Umeme ukiwa wa hezi 50, taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde, mistari itapotea. Penye umeme wa hezi 60, tumia 1/60 au 1/120.

Sasa utulivu. Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata isishuke chini ya moja juu ya urefu wa fokasi, zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi: kwa lenzi ya milimita 50, angalau 1/50 ya sekunde. Kamera na simu za siku hizi zina utulizaji wa ndani unaokuruhusu kushuka zaidi ya hapo, lakini unatuliza mkono wako tu. Mkono wa fundi unaozungusha spana hautulizwi na chochote isipokuwa shata ya kasi.

Tripodi ndogo ya mezani ndiyo ninayoipendekeza kuliko ile ndefu, kwa sababu ndefu itabaki nyumbani. Zile za miguu ya kupinda, kama GorillaPod ya Joby, unaweza kuzizungushia kwenye bomba au mlango. Uzuri ni kwamba skrubu ya tripodi ni ya aina moja karibu kila mahali, ya robo inchi, hivyo kibanio cha simu chenye tundu hilo kitakaa kwenye tripodi yoyote, na tripodi hiyohiyo itashika kamera utakayoinunua baadaye. Ukishaifunga, piga kwa kipima muda cha sekunde 2 ili usiitikise kwa kidole.

Hatua ya 4: Kadi na umeme

Kadi ya SD imejaa maandishi usoni, na mengi ni ya kunadi. Soma matatu tu. Kwanza aina: SDHC huishia gigabaiti 32, SDXC huanzia juu ya hapo hadi terabaiti 2. Kamera ya zamani inayojua SDHC pekee inaweza kuikataa SDXC, kwa hiyo tazama kitabu cha kamera kabla ya kununua. Pili kasi. Ile namba kubwa ya kuvutia kwa kawaida ni kasi ya kusoma, yaani unapohamishia picha kwenye kompyuta. Inayokuhusu wakati wa kupiga ni herufi V: V30 maana yake kadi haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde inapoandika mfululizo. Video ya 4K yenye megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 tu, kwa kuwa baiti moja ni biti nane, basi V30 inawatosha wengi wetu. Tatu ujazo, na hapo mimi huchagua kadi mbili za kati badala ya moja kubwa. Moja ikifa, nusu ya kazi imepona.

Kadi bandia ziko tele. Huidanganya kompyuta kwamba zina gigabaiti 256 na ndani hamna hata robo yake. Picha za mwanzo zinaingia sawa, zinazofuata zinapotea bila kelele. Kadi ipimwe siku ileile iliponunuliwa, ikiwa bado tupu. Kwenye Windows iko programu ya bure iitwayo H2testw. Kwenye Linux na Mac iko F3. Zote huijaza kadi hadi pomoni, kisha huisoma upya na kulinganisha kilichoandikwa na kilichosomwa. Kazi hii huchukua muda mrefu, iache iende huku ukifanya mengine. Makosa yakitokea, irudishe ilikotoka. Usijishawishi kwamba utaitumia kwa picha zisizo na maana, kwa sababu siku ya kupiga hujui ipi ina maana.

Ukimaliza kuhamisha picha na kuhakikisha zimefika, safisha kadi kwa kuiformati ndani ya kamera yenyewe. Kamera ikilalamika kwamba kadi imefungwa, tazama ubavuni mwa kadi: kuna kitelezi kidogo ambacho mara nyingine hushuka chenyewe inapochomolewa. Kirudishe juu. Na ukifuta picha kwa bahati mbaya, kubwa ni moja: usipige tena hata picha moja kwenye kadi hiyo. Data bado ipo mpaka iandikiwe juu. Programu ya bure ya PhotoRec mara nyingi huzirudisha, mradi unazihifadhi kwenye diski nyingine, si kwenye kadi ileile.

Umeme nao una hesabu yake. Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 haitajaza simu ya mAh 5,000 mara mbili. Namba hiyo ni ya betri za ndani, zenye volti 3.7, ambayo ni saa-wati 37. Zinapopandishwa hadi volti 5 na zaidi, nyingine zinaishia kuwa joto. Tarajia kujaza mara moja na nusu hivi. Ukisafiri kwa ndege, pawabenki hukaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaokabidhiwa, na ukomo wa kawaida bila kibali ni saa-wati 100. Mtengenezaji mwaminifu huandika saa-wati kwenye kifaa. Isipoandikwa, zidisha mAh kwa 3.7 ugawe kwa 1000.

Kebo ibebe ya akiba. Kebo ndiyo hufa kwanza.

Hatua ya 5: Hamisha, panga, hifadhi

Kisoma kadi ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote, na hakuna anayekipiga picha. Chagua chenye kichwa cha USB-C kinachoingia kwenye simu na kwenye laptopu, na kiwe cha USB 3. Ile ya kizazi cha pili ina ukomo wa megabiti 480 kwa sekunde, na tofauti utaihisi ukiwa na kadi iliyojaa. Kuhamisha kwa kupitia Wi-Fi ya kamera kunafaa kwa picha tatu nne. Kwa zaidi ya hapo utachoka wewe kabla ya betri.

Kabla hujatoka kupiga, linganisha saa ya kamera na ya simu. Ukisahau, piga picha moja ya skrini ya simu inayoonyesha saa hadi sekunde. Picha hiyo itakuonyesha kamera imepishana kwa kiasi gani, na baadaye programu ya ExifTool ya Phil Harvey inaweza kusogeza saa za picha zote kwa mkupuo. Jambo linaonekana dogo hadi siku unapochanganya picha za simu na za kamera, fundi akaonekana amefunga gurudumu kabla ya kulifungua.

Kila kazi iwe na folda yake, jina lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-03-14_karakana-ya-baiskeli. Kompyuta ikipanga kwa alfabeti, itakuwa imepanga kwa tarehe bila kuombwa. Ndani yake weka folda mbili tu, moja ya asili na moja ya zilizokamilika. Kuchagua fanya kwa mizunguko: mzunguko wa kwanza ondoa zilizotikisika na waliofumba macho, wa pili weka nyota kwenye zile zinazosimulia. Programu ya bure ya digiKam inafanya kazi hii vizuri kwenye kompyuta.

Ukiomba picha kwa mtu kupitia WhatsApp, mwambie aitume kama hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na kilichobanwa hakitanuki.

Kuhusu nakala za akiba, kanuni inayofuatwa na wengi ni 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine kabisa. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni kompyuta, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni. Lakini angalia: kusawazisha si kuhifadhi. Huduma nyingi zinazooanisha simu na mtandao, ukifuta picha huku inafutika na kule. Diski ya nje iliyochomolewa na kuwekwa kabatini haifutwi na kidole kilichoteleza.

Hatua ya 6: Rekebisha, kisha punguza

Kama kamera au simu yako inaruhusu, piga RAW, yaani faili ghafi lenye kila kilichonaswa, kwa picha unazozijali. JPEG, faili la picha la kawaida, huhifadhi ngazi 256 za kila rangi. RAW ya biti 14 huhifadhi 16,384. Ukivuta kivuli cha JPEG kije juu, hupasuka vipande vya rangi, RAW inastahimili. Gharama yake ni nafasi, na kwamba lazima uihariri, haitoki tayari.

Wa kulipia wanayo Lightroom ya Adobe. Bila kulipa ziko darktable na RawTherapee kwenye kompyuta, na Snapseed ya Google kwenye simu. Mpangilio wangu haubadiliki: nyoosha, kata, sawazisha weupe, rekebisha mwanga, inua vivuli kidogo, acha. Filta za rangi zilizotengenezwa tayari zinachosha haraka, na mwaka mmoja baadaye zinaiumbua blogu nzima.

Sasa hapa ndipo blogu nyingi huzama. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ina pikseli milioni 24, na faili lake linaweza kufika megabaiti 10. Safu ya makala kwenye skrini ya simu haihitaji hata robo ya hizo. Toa nakala yenye upana wa pikseli 1600, nayo itakuwa na pikseli karibu mara 14 chini ya ya asili. Chagua ubora wa 75 hadi 80, na faili lisizidi kilobaiti 300. Rangi ziwe za sRGB, mpangilio wa rangi wa skrini nyingi; ukitoa kwa Adobe RGB, kwenye skrini nyingi picha itaonekana imepauka na utahangaika kutafuta kosa lisilokuwepo.

Kifaa rahisi cha kazi hii ni Squoosh, inayofunguka ndani ya kivinjari na kufanya kazi hapohapo kwenye mashine yako bila kupeleka picha popote. Inakuwekea picha mbili pembeni kwa pembeni na mstari wa kuburuta katikati. Shusha ubora polepole ukiwa umekodolea macho sehemu zenye vitu vingi vidogo, kama spoki za gurudumu. Zikianza kuota ukungu pembeni, umepita. Rudi hatua moja. Ukitaka faili dogo zaidi, toa kwa WebP, aina iliyoanzishwa na Google mwaka 2010 na inayosomwa na vivinjari vyote vikuu vya leo.

Kabla ya kupandisha, ondoa taarifa za mahali. Simu huandika ndani ya faili la picha latitudo na longitudo ya pale ulipopigia, na ukipiga nyumbani kwako unaweza kuwa umeweka anwani yako hadharani. Kwenye ExifTool amri ni fupi:

exiftool -gps:all= picha.jpg

Nakala yenye taarifa zake inabaki kando na jina lake likiongezewa neno _original. Asiyependa amri azime tu ruhusa ya mahali kwenye kamera ya simu.

Hatua ya 7: Maneno

Kijitabu na penseli. Penseli haikomi wino, huandika hata karatasi ikiwa na unyevu, na mtu anayehojiwa huiogopa kidogo kuliko simu. Mpe fundi kijitabu aandike jina lake kwa mkono wake, hutakosea herufi. Andika pia mambo ambayo picha haibebi: harufu ya grisi, mlio wa breki, alichosema mteja.

Jioni hiyohiyo, kabla hayajafifia, yasimulie kwenye simu kwa sauti. Kibodi ya Gboard inaandika Kiswahili ukikisema. Alama za uandishi utaziweka mwenyewe, na majina itayavuruga, lakini rasimu ya kwanza unaipata ukiwa umesimama. Anayeandika mengi akiwa njiani atanufaika na kibodi ndogo ya Bluetooth inayokunjwa, na hapo laptopu inaweza kubaki nyumbani.

Usiandikie makala ndani ya ukurasa wa blogu moja kwa moja. Mtandao ukikatika wakati wa kuhifadhi, umeandika hewani. Andikia kwenye programu ya matini ya kawaida inayofanya kazi bila mtandao, kama Joplin au Obsidian, kwa mtindo wa Markdown alioutoa John Gruber mwaka 2004: alama ya reli kwa kichwa, nyota mbili kwa herufi nene, basi. Ukiibandika kwenye WordPress, vichwa vinajipanga vyenyewe.

Kila picha ipe maelezo mbadala, sentensi moja inayosomwa na programu za wasioona na inayoonekana picha ikikataa kufunguka. "Picha ya fundi" haisaidii mtu. "Fundi amepiga goti akinyoosha gurudumu lililopinda" inasaidia.

Hatua ya 8: Sauti, kama unarekodi video

Fupi tu. Mtazamaji huvumilia picha mbaya kuliko sauti mbaya, kwa hiyo maiki ndogo ya kubana kwenye nguo itangulie kila kitu. Ibane shubiri moja chini ya kidevu, waya usisuguane na kitambaa. Kabla ya kununua, tazama kichwa cha waya: chenye pete nyeusi tatu ni cha simu, chenye mbili ni cha kamera, na ukikosea maiki haitasikika bila kiunganishi cha katikati. Rekodi sekunde kumi za majaribio, zisikilize kwa visikilizio, ndipo uanze.

Hatua ya 9: Haya, kamera

Ukifika hapa na simu bado inakubana, sababu zinazokubalika ni chache: unapiga vya mbali, gizani, au vinavyokwenda kasi. Hapo ukubwa wa kihisi, kile kibamba cha ndani kinachonasa mwanga, ndio unaolipiwa. Kikubwa cha kawaida ni milimita 36 kwa 24, saizi ya fremu ya filamu ya zamani. APS-C kwa chapa nyingi ni kama 23.5 kwa 15.6, Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13. Kwenye simu nyingi hata milimita 10 za upana hazifiki.

Ushauri wangu ni bodi (kamera bila lenzi) ya APS-C iliyokwishatumika, pamoja na lenzi moja isiyovuta ya milimita 35 yenye tundu la f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ikilinganishwa na lenzi inayokuja na kamera ikiwa kwenye f/5.6, inaingiza mwanga karibu mara kumi. Kosa ni kumaliza fungu lote kwenye bodi na kubaki na lenzi dhaifu. Bodi huzeeka, lenzi nzuri unaihamisha.

Unaponunua iliyotumika, nenda na tochi. Ondoa lenzi, imulike kwa nyuma na uitazame kwa mbele: nyuzi nyembamba kama utando ndani ya kioo ni kuvu, iache. Kisha rudisha lenzi, weka f/16, piga anga au ukuta mweupe, na ukuze picha kwenye skrini. Madoa meusi ni vumbi la kihisi, husafishika. Mistari mirefu huenda ni mikwaruzo, nayo haisafishiki.

Filta za UV za kulinda lenzi sizipendi. Kihisi cha dijitali hakisumbuliwi na miale hiyo kama filamu ilivyosumbuliwa, na kioo cha ziada cha bei ndogo huongeza mng'ao usiotakiwa. Kofia ya lenzi hulinda vizuri zaidi, na hukinga jua.

Hatua ya 10: Usafi na utunzaji

Kwa lenzi, mpangilio ni hewa, brashi, kitambaa. Anza na kipulizio cha mpira cha mkono, kwa sababu ukifuta kabla ya kupuliza unasugua mchanga kwenye kioo. Usitumie kopo la hewa ya kushindiliwa, hutema majimaji. Kitambaa kije mwisho, kikiwa kimefuliwa bila dawa ya kulainisha nguo, ukifuta kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje. Kihisi pulizia tu, kamera imeangalia chini, usikiguse.

Penye hewa ya unyevunyevu, usihifadhi lenzi kwenye begi la ngozi au kabati lililofungwa kwa miezi. Boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira, pakiti kadhaa za silika na kipimo kidogo cha unyevu vinatosha. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika zenye rangi hubadilika zikishiba maji, na baadhi hukaushwa kwa moto mdogo na kurudi kazini. Fuata maelezo ya pakiti. Betri za akiba zitakazokaa muda mrefu bila kazi zitoe kwenye kamera, ziache na chaji karibu nusu, na ufunike ncha zake za chuma zisigusane na funguo au sarafu.